Tofali lako lina kilo ngapi?

Swali: Shikamoo Injinia. Nimemaliza chuo mwaka juzi, sasa niko kwenye ofisi ndogo ya ramani hapa Moshi. Mteja wetu anajenga nyumba ya vyumba vitatu mtaa wa Pasua na ana swali moja tu: chumba cha watoto, kilichokaa upande wa magharibi, kitalalika? Nimejaribu kumjibu kwa EnergyPlus, programu ya kompyuta inayokokotoa joto ndani ya majengo. Ukuta nimeuwekea namba ya ukinzani wa joto niliyoikuta kwenye jedwali, bati na dari nimechukua kwenye maktaba ya programu. Modeli inasema chumba kinafika nyuzi 43 saa nane mchana, na saa kumi na moja alfajiri kinashuka hadi 16. Nyumba ya jirani imejengwa kwa ramani ileile, na mama mwenye nyumba amenicheka. Anasema mchana si kubaya hivyo, shida inaanza saa mbili usiku. Namba za kweli za vifaa vyetu nizitoe wapi? Na nikinunua programu ya kulipia nitapata jibu bora?

Jibu:

Marahaba, mdogo wangu. Mama wa jirani yuko sahihi na modeli yako ndiyo iliyopotea. Naweza kukuonyesha ilipopotea bila hata kufungua faili lako: ukuta ulioweka hauna uzito.

EnergyPlus inakuruhusu kueleza kifaa cha ujenzi kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuandika ukinzani wa joto peke yake, namba moja, basi. Ya pili inataka unene, upitishaji joto (wepesi wa joto kupita ndani ya kifaa), densiti (kilo kwa mita ya ujazo) na joto maalumu, yaani nishati inayohitajika kupandisha kilo moja ya kifaa hicho kwa nyuzi moja. Vijana wengi wanakimbilia ya kwanza kwa sababu namba yake ipo kwenye majedwali na inajazwa upesi. Lakini kifaa kilichojazwa hivyo, kwa hesabu za programu, hakihifadhi joto hata chembe. Jua likiupiga ukuta saa kumi alasiri, joto linatokea ndani saa kumi ileile. Jua likizama, ukuta umeshapoa. Umemjengea mteja hema. Ni hema la kitambaa kizito, sawa, lakini ni hema: mchana linachoma, alfajiri linatetemesha, na ndiyo hizo 43 na 16 zako.

Majedwali hayo hayana kosa huko yalikotoka. Yameandikwa kwa ajili ya nchi ambako kwa miezi kadhaa nje ni baridi na ndani kuna hita, kwa hiyo joto linakwenda upande mmoja tu, kutoka ndani kwenda nje, usiku na mchana. Ukitaka kujua hita itakula kiasi gani, ukinzani peke yake unakupa jibu la karibu. Pasua hakuna hita. Joto linaingia ukutani mchana na kutoka usiku, linabadili njia kila siku, na anachouliza mteja wako ni kama litakuwa limetoka watoto watakapopanda kitandani.

Kwa ukuta wa kitu kimoja kuna hesabu ya daftarini inayotosha kabla hujagusa kompyuta. Chukua upitishaji joto, gawanya kwa densiti mara joto maalumu. Hapo umepata kasi ya joto kusambaa ndani ya kifaa. Kisha chukua sekunde za siku nzima, 86,400, gawanya kwa pai mara kasi hiyo, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa nusu ya unene kwa mita. Jibu ni sekunde ambazo wimbi la joto linachelewa kuvuka ukuta. Ni makadirio, lakini hayadanganyi sana.

Tufanye kwa tofali letu la inchi 6 kwa 9 kwa 18, lililojaa, la zege zito. Upitishaji tuseme 1.3 (wati kwa mita kwa nyuzi), densiti 2,000, joto maalumu 900 (juli kwa kilo kwa nyuzi). Likisimamishwa, ukuta ni milimita 150 na ucheleweshaji unatoka kama saa nne. Ukuta wa magharibi unapata kipigo chake kikubwa karibu saa kumi alasiri. Saa kumi ukiongeza saa nne unapata saa mbili usiku. Mama wa jirani hana kompyuta wala kipimajoto, ila ameutaja muda wenyewe.

Tofali hilohilo likilazwa, ukuta unakuwa milimita 230 na ucheleweshaji unapanda hadi saa sita na ushee. Hapo kuna mtego ambao nimeona mafundi na wahandisi wakiingia pamoja. Mtu atamwambia mteja wako alaze tofali ili nyumba iwe baridi. Ni kweli wimbi linafika ndani likiwa dogo zaidi, lakini sasa linafika saa nne usiku, watoto wakiwa usingizini. Kwa sebule ya kukaliwa mchana ningekubali haraka. Kwa chumba cha kulala cha magharibi ningetaka kuona modeli kwanza.

Sasa hizo namba. Umeuliza uzitoe wapi, na nina hakika ulitegemea nikutajie jedwali. Nakutajia mizani.

Maktaba ya programu si takataka, ila majina yake yanapotosha. Kwenye orodha ya ASHRAE, chama cha Marekani cha wahandisi wa joto na ubaridi wa majengo, inayokuja na EnergyPlus kuna tofali la zege la milimita 200: upitishaji 1.11, densiti 800. Soma tena hiyo densiti. Kilo 800 kwa mita ya ujazo ni nyepesi kuliko maji! Tofali hilo ni la matundu makubwa, na namba zake zimesawazishwa zege na hewa kwa pamoja. Ukiliweka kwenye nyumba ya Pasua kwa sababu jina linafanana, kwa unene uleule ukuta wako unabeba chini ya nusu ya joto ambalo ukuta halisi wa zege zito unabeba. Jina ni tofali la zege, na letu pia ni tofali la zege. Programu haiwezi kujua kwamba fundi wako hajawahi kulitoboa.

Mimi nilikoma kuamini majina siku nilipobeba matofali mawili ya inchi 6 kutoka yadi mbili tofauti hapa Arusha na kuyapeleka kwa muuza nafaka, jirani yangu mtaani Sakina. Alinitazama kama mtu aliyechanganyikiwa, lakini akanipa mizani. La kwanza kilo 31. La pili, la vipimo vilevile, kilo 24. Ujazo wa tofali hilo ni 0.15 mara 0.23 mara 0.45, yaani mita za ujazo 0.0155. Gawanya: la kwanza ni 2,000, la pili kama 1,550. Nililivunja lile jepesi kwa nyundo na ndani lilikuwa na kokoto zenye vitundu kama maandazi, mawe ya volkano. Huku chini ya Meru na Kilimanjaro mawe ya namna hiyo si ajabu, na kila yadi inachanganya inachopata karibu.

Kilo saba zinabadilisha nini? Kwa zege na matofali, upitishaji joto unafuata densiti kwa karibu, kwa sababu kilichopunguza uzito ni hewa iliyonaswa ndani. Tofali la densiti 2,000 utaliandikia upitishaji wa 1.1 hadi 1.4. La 1,550 utaliandikia kama 0.6. Rudia hesabu ya daftarini na tofali jepesi: ucheleweshaji unatoka saa nne unakwenda saa tano na kitu, na joto linalovuka ni pungufu. Kuta mbili za unene mmoja, zenye lipu ya aina moja, mtu akipita barabarani hazitofautishi, na moja ni nafuu kwa mtoto anayelala ndani.

Kwa hiyo nenda yadi anayonunua mteja wako. Chukua matofali matano yaliyokauka vizuri, siyo yaliyotoka kumwagiwa maji asubuhi, pima kilo, pima pande zote kwa tepu, tafuta wastani. Tofali la kuchoma lifanyie hivyohivyo. Mara nyingi litaangukia kati ya 1,600 na 1,800, na upitishaji wa 0.6 hadi 0.8 unalifaa. Joto maalumu lisikuumize kichwa. Kwa zege, lipu, udongo na tofali la kuchoma linacheza kati ya 800 na 1,000, weka 900 uendelee. Mbao ndizo tofauti: upitishaji wa 0.13 hivi na joto maalumu linalofika 1,600.

Kumbuka tu kwamba namba hizi ni za kifaa kikavu. Ukuta wa tofali la kuchoma usiopigwa lipu, ulionyeshewa masika yote, unapitisha joto zaidi ya hapo, maana vitundu vilivyokuwa na hewa sasa vina maji.

Tuje kwenye bati, na hapa utashangaa. Upitishaji joto wa chuma ni kama 45, na watu hubishana kama waweke 45 au 60. Weka yoyote. Bati letu halifiki nusu milimita, kwa hiyo ukinzani wake hauna maana kabisa na uzito wake ni mdogo mno kubeba joto la kuhesabika. Chumba hakitajua tofauti. Kinachoamua ni namba mbili za uso ambazo watu wengi huziacha zilivyojazwa na programu: kiasi cha jua ambacho uso unafyonza, na uwezo wa uso huo kutoa joto kwa mnururisho, yaani joto linaloruka hewani bila vitu kugusana. Usipogusa kitu, EnergyPlus inaweka 0.7 kwa ya kwanza na 0.9 kwa ya pili.

Bati jeupe safi linafyonza kama 0.3. La kahawia au kijani kilichoiva, hizo rangi zinazopendwa sana kwenye bati la msauzi, linafyonza 0.8 na zaidi. Huku tulipo, nyuzi tatu na kitu kusini mwa Ikweta, jua la adhuhuri linapita karibu utosini mwezi wa tatu na tena mwanzoni mwa Oktoba, kwa hiyo paa ndilo linalokula jua kuliko ukuta wowote. Mchana wa nyuzi 30 wenye upepo kidogo, bati la kahawia linaweza kupita nyuzi 60 wakati jeupe liko karibu na 40. Kisha bati la moto linainururishia dari chini yake, na hapo ndipo ile namba ya pili inapofanya kazi. Uso uliopakwa rangi ni 0.9. Karatasi ya foili inayong'aa ni kama 0.05, nayo inazuia sehemu kubwa ya mnururisho huo ingawa unene wake ni kama wa karatasi ya biskuti. Ila ing'ae kweli na itazame nafasi wazi. Ikibanwa pande zote mbili bila nafasi, au vumbi la miaka mitatu likiifunika, usiiandikie 0.05.

Na nadhani najua ulivyochora paa: bati, pengo la hewa, jipsamu, vyote kama kifaa kimoja chenye matabaka matatu. Usifanye hivyo. Pengo la hewa la maktaba limekusudiwa uwazi mwembamba uliofungwa. Darini kwako kuna nafasi ya mita moja na nusu yenye kenchi, popo, na upepo unaoingia kwenye mianya chini ya bati. Ichore kama chumba chake kinachojitegemea, ikiwa na kiasi cha hewa inayoingia na kutoka. Nina hakika nyuzi kadhaa kati ya zile 43 zitaondoka hapo tu.

Kosa langu mwenyewe nikuambie, nililifanya miaka ya mwanzo kwenye bweni moja. Niliandika unene wa ukuta 0.015 badala ya 0.150. Ni unene wa lipu. Programu haikusema kitu, kwa sababu lipu ya milimita 15 ni kitu halali duniani. Ungeandika 150, ukidhani inataka milimita, ingekataa, maana haipokei unene unaozidi mita 3. Ungeandika joto maalumu 0.9 kwa kufuata kitabu kilichotumia kilojuli, ingekataa pia, maana chini ya 100 haikubali. Hatari ni kosa lenye sura ya ukweli. Niliwasilisha ripoti nikipendekeza mapangaboi kumi na manne, na aliyeligundua ni fundi mkuu aliyeuliza kwa adabu kwa nini bweni la mawe linakuwa na joto kama kibanda cha mabati. Tangu siku hiyo kila ukuta naujumlishia uzito wake kwa mita ya mraba: unene mara densiti. Ukuta wa tofali wa milimita 150 lazima utoe kilo 230 hadi 300. Ukitoa 30, kuna nukta imehama.

Angalia pia mpangilio wa matabaka. EnergyPlus inasoma kutoka nje kwenda ndani. Ukuta wenye lipu pande zote mbili hautakuadhibu, lakini dari iliyowekewa sufi ya kuzuia joto ikigeuzwa, uzito na kizuizi vinabadilishana nafasi na matokeo yanaharibika kimyakimya. Vilevile usiongeze tabaka la ukinzani wa hewa juu ya uso wa ukuta. Programu inalihesabu yenyewe, na ukinzani wa kwenye jedwali lako huenda tayari umelijumlisha, hivyo umelihesabu mara mbili.

Faili ya hali ya hewa, ile inayoipa modeli joto na jua la nje: wewe wa Moshi una nafuu kuliko mimi. Iliyo karibu ni ya uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA), ambao uko mita 890 hivi juu ya usawa wa bahari, na mwinuko wa Moshi unakaribiana na huo. Sisi wa Arusha mjini tuko karibu mita 1,400. Kwa tofauti hiyo ya mita 500, hewa yetu ni baridi kwa nyuzi kama tatu, na nimeona ripoti za nyumba za Njiro, hapahapa Arusha, zilizopikwa kwa joto la KIA bila mtu kustuka. Hakikisha pia mwinuko umeandikwa sawa, kwa sababu hewa ya juu ni nyepesi na upepo wa dirishani unabeba joto pungufu. Kwa Arusha ni kama asilimia 15 pungufu kuliko pwani.

Madirisha nimeyaacha makusudi hadi sasa kwa kuwa si kifaa, ni tabia. Ratiba ya kawaida inadhani dirisha linafunguliwa kukiwa na joto na kufungwa kukiwa na baridi. Pasua dirisha linafungwa saa kumi na mbili jioni kwa sababu ya mbu, na baadaye kwa sababu ya wezi. Ukuta ukianza kutoa joto lake saa mbili, chumba kimeshazibwa. Andika ratiba hiyo kwenye modeli kama watu wanavyoishi, kisha andika ya pili yenye neti nzuri, nondo na dirisha wazi hadi saa nne. Ninavyoijua nyumba ya aina hii, pengo kati ya ratiba hizo mbili litakuwa kubwa kuliko pengo kati ya tofali jepesi na zito.

Ukishasahihisha, omba ruhusa kwa yule mama utundike kipimajoto chenye kumbukumbu katika chumba chake cha magharibi kwa wiki moja, mbali na ukuta, mbali na jua la dirishani, urefu wa kifua. Linganisha na modeli. Angalia saa kabla ya nyuzi. Kilele cha modeli kikitokea saa ileile na cha kipimajoto, uzito wa kuta zako umekaa sawa, na tofauti ya nyuzi mbili itatibika kwa hewa au rangi ya bati. Nyuzi zikifanana lakini kilele kimepishana saa tatu, usifurahi. Umepata jibu kwa bahati. Na ukirekebisha, gusa namba moja kwa mara moja, uandike daftarini umegusa ipi.

Programu ya kulipia? DesignBuilder, kwa mfano, inatumia EnergyPlus hiyohiyo kufanya hesabu. Unacholipia ni uchoraji wa haraka na picha nzuri za kumwonyesha mteja. Kama ofisi yenu inapata kazi tano kwa mwaka za namna hii, inunueni. Kwa chumba hiki kimoja, hapana.

Kuhusu mteja, mjaribie mambo matatu kwenye modeli kwa mpangilio huu: bati jeupe na foili darini, dirisha la kuachwa wazi usiku, halafu kivuli cha ukuta wa magharibi. Kwenye hicho kivuli usimpe ukingo wa paa wa sentimita 60 ukadhani umemaliza. Saa kumi na moja jua la huko limeshashuka na linapita chini yake. Unahitaji kitu kilichosimama mbele ya ukuta: mti, ua wa kutambaa kwenye waya, au stoo ya nje ijengwe upande huo. Kama kiwanja bado kinaruhusu, stoo na bafu vipelekwe magharibi na watoto wahamie mashariki, na hapo hutahitaji hata kumfungulia kompyuta.